MWANAMUZIKI ANAYETAKA KUWA DAKTARI: AHAME CHUO AU ABAKI?

Wahenga walilonga kuwa mshika mbili moja humponyoka. Methali hii nimetupiwa mara nyingi tangu nichague masomo ya kidato cha tatu, kwani nilichukua Muziki pamoja na Biolojia, Kemia na Fizikia. "Ati daktari wa kupiga fidla!" wenzangu hunicheka. Lakini aliyenifanya nilichunguze jambo hili ni binamu yangu aliyeko Marekani. Yuko mwaka wa pili katika chuo cha muziki, na sasa anautaka udaktari. Shangazi aliuza ng'ombe wawili wa maziwa ili amsafirishe, kwa hivyo nyumbani swali hili si mchezo. Nimeuliza na kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, tuelewe tofauti. Hapa Kenya mtu aliyefuzu vizuri kidato cha nne huweza kuingia moja kwa moja katika shahada ya udaktari. Marekani sivyo. Kule mwanafunzi husoma shahada ya kwanza kwa miaka minne, kisha shule ya udaktari miaka minne mingine, ndipo apelekwe hospitalini kwa mafunzo zaidi. Wao huzungumza juu ya "primedi", na wengi wetu hudhani hiyo ni shahada. La hasha! Primedi ni maandalizi tu. Shahada yenyewe yaweza kuwa ya historia, ya lugha au hata ya muziki.

Basi mwanamuziki anazuiwa na nini? Anazuiwa na maabara. Shule nyingi za udaktari hutaka mwombaji awe amesoma biolojia, kemia, kemia ya kaboni na fizikia, pamoja na kazi za maabara. Nyingi huongeza biokemia. Kisha kuna mtihani uitwao MCAT ambao alama zake huanzia 472 hadi 528. Tangu mwaka 2015 mtihani huo una sehemu nne, na mojawapo ni ya saikolojia na sosholojia.

Sasa, shahada za muziki ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya kumwandaa mpigaji hasa, na karibu theluthi mbili ya masomo yake ni muziki. Ya pili ni ya jumla, ambapo muziki huchukua takriban theluthi moja, na nafasi inayobaki yatosha sayansi. Binamu yangu yumo katika ile ya kwanza, na chuo chake hakifundishi kemia. Kwa hivyo ana njia mbili: ahamie chuo kikuu chenye idara ya muziki na maabara, au amalize shahada yake kisha asome sayansi baadaye kwa mwaka mmoja au miwili. Viko pia vyuo vinavyounganisha mambo yote mawili. Oberlin, katika jimbo la Ohio, huwaruhusu wanafunzi kuchukua shahada ya muziki na nyingine ya kawaida kwa miaka mitano.

Kuhama nako si kubeba sanduku tu. Chuo kipya ndicho huamua ni masomo gani ya zamani yatakayohesabiwa. Mwanamuziki huenda akapimwa tena nadharia ya muziki, na mara nyingi hupiga ala upya mbele ya walimu. Ufadhili wa chuo cha kwanza haumfuati. Tena asidhani kuhama kunafuta alama mbaya, maana shule za udaktari hudai matokeo ya kila chuo alichopitia.

Kuna jambo jingine ambalo lilimfanya shangazi anyamaze kimya. Shule nyingi za udaktari za Marekani hazipokei wanafunzi ambao si raia wala wakazi wa kudumu, na mikopo ya serikali yao haitolewi kwa wageni. Ndiyo maana nasema mtu aulize kwanza shule zipi zitampokea na nani atalipa karo, kabla ya kuuliza chuo kipi kina piano nzuri.

Je, ndoto hii ni ya mwendawazimu? Hapana. Albert Schweitzer, aliyezaliwa mwaka 1875, alikuwa mpiga kinanda mashuhuri wa kanisani. Alianza kusomea udaktari akiwa na miaka 30, na mwaka 1913 akafungua hospitali huko Lambaréné, Gabon. Hakuutupa muziki, alipiga kinanda Ulaya ili kuichangia hospitali hiyo. Alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1952.

Binamu yangu ameomba nafasi katika chuo kikuu chenye vyote viwili, na anasubiri barua. Mimi hapa nitaendelea na Muziki, maana somo hilo halimfungii mtu mlango wa udaktari mradi Biolojia na Kemia anazipita vizuri. Nanyi wa kidato cha pili mnaokaribia kuchagua masomo, msichague kwa kuogopa kuchekwa. Nendeni kwa mwalimu wa ushauri mkiwa na maswali yenu mkononi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.