Cheti cha kahawa: koperative ndogo ilipe ao iache?

Mwezi wa tatu, wakati kahawa ilianza kuwa nyekundu kule milimani ya Kalehe, tulialikwa katika mkutano mkuu wa koperative moja ya wanamemba 90. Watu walikaa kwenye mabanki ya masomo, wengine inje chini ya miti. Jambo la tatu siku hiyo lilikuwa sertifika. Mnunuzi mmoja wa Ulaya alionja kahawa yao akaipenda, kisha akauliza: je, muko na Fairtrade? Muko na bio? Komite ilitaka ruhusa ya kutoa feza kwenye kasha ili waanze kazi ya kutafuta cheti.

Mama mmoja akasimama. "Papa rais, miye sikatae. Lakini ile karatasi itaniongezea franga ngapi ku kiloo? Utuambie kwanza hiyo."

Rais akaangalia mwandishi, mwandishi akaangalia daftari. Hakuna aliyejua. Tuliporudi tuliona kwamba swali la yule mama ni la koperative nyingi, na kwamba sisi wenyewe wa mashirika tumezoea kusifu vyeti bila kupiga hesabu pamoja na watu. Basi tupige leo.

Kwanza tukumbuke sababu watu wa hapa wanapenda vyeti. Wakulima wenye umri wanajua vizuri ile miaka ambapo kahawa ya Kivu ilivuka ziwa usiku, ndani ya mitumbwi, kwenda kuuzwa Rwanda kwa bei yoyote ile, sababu huku hakukuwa na stasio za kuoshea wala wanunuzi wa kweli. Watu walizama na magunia yao. Halafu SOPACDI ya Minova ikapata cheti cha Fairtrade, nyingine zikafuata, na kahawa ya Kongo ikaanza kusafiri ikiwa na jina lake. Hiyo si hadisi. Ila wengi walitoka pale wakifikiri cheti ndicho kilifanya kazi yote. Wanasahau stasio za kuoshea, wanunuzi waliokuja wenyewe mpaka kijijini, na wingi wa wanamemba.

Sasa namba. Fairtrade inaweka bei ya chini kabisa kwa arabika iliyooshwa: tangu mwezi wa 8 mwaka 2023 ni dola 1.80 kwa libra moja ya kahawa tayari kusafirishwa, kufika kwenye meli. (Libra 2.2 ni kiloo moja.) Kama soko la New York liko juu ya hapo, mnalipwa bei ya soko. Juu ya bei kuna primu ya senti 20 kwa libra, na ndani yake senti 5 ni lazima zitumike kwa mavuno na ubora. Kama kahawa ni ya bio pia, senti 40 zinaongezeka.

Senti 20 kwa libra ni kama dola 441 kwa tani moja ya kahawa kavu iliyokobolewa. Koperative yetu ya Kalehe inatoa tani 4 hivi kwa musimu. Basi primu yote, hata kama wangeuza kila gunia kwa Fairtrade, ni dola 1,760 na kitu. Gawanyeni kwa watu 90: haifike dola 20 kwa mtu. Na tena primu haigawanywe ovyo mkononi. Inaingia kwa koperative na mkutano mkuu ndio unapiga kura itumike kwa nini.

Upande mwingine wa daftari, kuna gharama. Bei ya ukaguzi inatofautiana kwa hesabu ya wanamemba, aina za mazao na kama muko na stasio yenu wenyewe. Waombeni wawaandikie bei kabla ya kusema ndiyo. Kisha ongezeni vitu ambavyo havimo kwenye ile karatasi: posho ya wakaguzi wa ndani wanaopita kila shamba, daftari, simu, safari ya mkaguzi kutoka mjini, malazi yake. (Mzee mmoja alituambia akicheka: "Bale bakaguzi bakikuja, mbuzi nayo inajua siku yake imefika.") Tuseme kwa mfano tu kwamba yote kwa mwaka inafika dola 3,000. Ili primu ilipe hiyo peke yake, mnapaswa kuuza karibu tani 7 chini ya mkataba wa Fairtrade. Ni karibu tani 45 za matunda mekundu, sababu kiloo 6 ao 7 za matunda zinatoa kiloo moja ya kahawa ya kusafirisha. Wale wa Kalehe wako na nusu na kidogo.

Angalieni vizuri yale maneno, "chini ya mkataba wa Fairtrade". Hapa ndipo wengi wanaumia. Cheti kinawapa ruhusa ya kuuza kwa masharti hayo, lakini hakilazimishe mtu kununua. Koperative inalipa ukaguzi kwa kahawa yote, halafu mnunuzi wa Fairtrade anachukua sehemu, nyingine inaenda kwa bei ya kawaida. Koperative yenye kontena kamili, ni kusema tani 19 hivi, inapata primu ya zaidi ya dola 8,000 kama mnunuzi anaichukua yote. Hiyo inaweza kununua matuyo ya maji ya stasio na kulipa ukaguzi pia. Kwa tani 4, hapana.

Bio ni hesabu ingine. Faida yake kwa libra ni kubwa kuliko primu, na wengi wetu hatunyunyizie kitu kwenye kahawa sababu hatuna feza za dawa. Watu wanasema: "Siye tuko bio tangu zamani." Lakini mkaguzi anataka alama iliyoandikwa. Kwa miti kama kahawa, Ulaya inaomba kwa kawaida miaka 3 ya kungoja, na katika miaka hiyo munafuata masharti yote huku munauza kwa bei ya kahawa ya kawaida. Tulimuona memba mmoja aliyeazima pompe ya jirani, ile ya kunyunyizia tomati, akamwagilia tu maji kahawa yake changa. Je, ile pompe ilisafishwa? Kwa koperative iliyo na cheti, jambo dogo vile linaweza kuleta mashaka juu ya gunia nyingi. Wanamemba wakubali hiyo kabla, si komite peke yake.

Kuna pia mambo ya bei kuwa juu. Miaka ya 2024 na 2025 soko la New York lilipanda kupita dola 3 kwa libra. Ile bei ya chini ya Fairtrade haikusaidia mtu, ilikuwa mbali chini. Wafanya biashara walifika mpaka kwenye mlango wa shamba na feza mkononi, na memba mwenye deni ya masomo ya watoto hakungoja koperative. Cheti hakizuie hiyo. Ila kuna sheria moja ya Fairtrade ambayo wanamemba wengi hawaijue: koperative ikiomba, mnunuzi anapaswa kusaidia kupata feza mbele ya mavuno, mpaka asilimia 60 ya mkataba. Rais akirudi na mkataba mkononi, mumuulize kama aliomba. Kama aliona haya kuomba, mulilipa cheti na mukaacha kitu kikubwa mezani.

Na cheti hakiponye kahawa mbaya. Yule mdudu antestia anayechoma matunda na kuleta ladha ya kiazi katika kikombe, yeye haangalie karatasi. Kukata matawi ya zamani, kuchuma matunda mekundu tu, kuelesha yale yanayoelea majini, hiyo yote inaongeza bei bila mkaguzi kutoka mbali. Kwa maoni yetu, koperative isiyoweza bado kufanya hiyo musimu wote isitafute cheti mwaka huu.

Jambo la mwisho tulilowaambia wale wa Kalehe lilikuwa jina. Kuna wauzaji wa inje ya inchi wanaosema: "Sisi tutawalipia bio." Ni vizuri, lakini mara nyingine cheti kinaandikwa kwa jina la aliyelipa. Siku mukigombana naye, kahawa yenu inakuwa tena kahawa ya kawaida, na ile miaka 3 ya kungoja inabakia kwake. Musomeshwe karatasi polepole, kwa lugha munayosikia, mbele ya kutia mukono. Njia ingine ni kuungana. Sheria mpya ya bio ya Ulaya inakubali kundi la wakulima wadogo mpaka 2,000 chini ya cheti kimoja, kama kundi lenyewe lina utu wa kisheria na linauza pamoja. Koperative tatu ndogo za mlima mmoja zinaweza kugawana mkaguzi mmoja. Ugumu wake munaujua: nani atakuwa rais, na stasio ya nani itaosha.

Mkutano uliendelea mpaka saa tisa. Walipiga kura: 61 wakasema wangoje, 14 wakasema walipe sasa, wengine walikuwa wameenda nyumbani kuangalia mvua. Komite ilitumwa kwa koperative kubwa ya jirani iliyo na Fairtrade, kuomba kuona daftari zao za miaka miwili: kahawa ngapi iliuzwa kwa cheti, ngapi bila, na primu ilienda wapi. Yule mama wa swali la kwanza alichaguliwa aende pamoja nao. Alikubali, akauliza nani atalipa nauli.