Nane Nane Mbeya kwa mara ya kwanza: nenda ule, uonje, na urudi Kasesya na hela ya mbolea

Kila mwezi wa nane ukikaribia maswali vijiweni ni yale yale: Nane Nane Mbeya inaendwaje, hela kiasi gani inatosha, na kuna nini cha maana kule zaidi ya vumbi na muziki? Leo tuyajibu moja moja.

Kwanza tuambiane ukweli. Mwezi wa nane sisi wa Ufipa tunakuwa na hela. Maharage yameshauzwa, mahindi yanaendelea kutoka, mfuko umejaa. Lakini hela hiyo hiyo ndiyo mbegu na mbolea ya mwezi wa kumi na moja mvua zikianza. Kwa hiyo safari ya Nane Nane unailipia kwa shamba la mwakani, utake usitake. Ukienda kushangaa tu umekula mtaji. Ukienda na swali lako ukarudi na jibu, safari imejilipa.

NANE NANE NI NINI HASA?

Ni maonesho ya wakulima, kwa kawaida kuanzia Agosti 1 hadi kilele Agosti 8, ambayo ni sikukuu. Zamani siku ya wakulima ilikuwa Saba Saba, Julai 7, siku ilipozaliwa TANU mwaka 1954. Miaka ya 1990 wakulima wakahamishiwa Agosti 8, Saba Saba ikabaki ya biashara. Kanda yetu ya Nyanda za Juu Kusini inakutana viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, na mikoa yake ni Mbeya, Songwe, Rukwa, Katavi, Iringa, Njombe na Ruvuma. Mwaka 2022 na 2023 kilele cha kitaifa kilifanyika hapo hapo Mbeya, na ya 2022 ndiyo Rais Samia alizindua mpango wa mbolea ya ruzuku. Mwaka 2024 na 2025 kitaifa ilikuwa Nzuguni, Dodoma. Kama Rais hayupo Mbeya usivunjike moyo, foleni zinakuwa fupi.

SAFARI

Kasesya hadi Matai ni kama kilomita 50, Matai hadi Sumbawanga 50 nyingine, Sumbawanga hadi Tunduma zaidi ya 220, na Tunduma hadi Mbeya mjini kama 100. Jumla zaidi ya 400, kwenda tu. Hiyo sio safari ya kwenda na kurudi siku moja, asikudanganye mtu. Njia nzuri ni kulala Sumbawanga kwa ndugu au gesti, alfajiri ukapanda basi la Mbeya. Viwanja viko upande wa Uyole, pembeni ya barabara kuu ya kwenda Dar, daladala na bajaji za kumwaga. Ulizia nauli ofisini kwa basi, sio kwa mpiga debe, na dai tiketi. Nauli kikomo hupangwa na LATRA.

Ukifika tu, kabla hujanunua hata soda, KATA TIKETI YA KURUDI. Hela ya nauli ikibaki mfukoni itaota mbawa, na kule Mbeya hakuna shangazi wa kila mtu.

Gesti za Uyole, Mwanjelwa na Soweto siku zile hujaa na bei hupanda, hivyo piga simu mapema. Bebeni koti. Wenye baridi ya Sumbawanga mnajiona mmezoea, lakini Uyole usiku wa Agosti sio mchezo.

Kwa wanaotumia kwacha, badilisheni kabla ya kuondoka. Na ndugu zetu wa upande wa Zambia mnaotaka kuja, gongeni hati zenu uhamiaji pale mpakani. Ukipita njia ya panya, ukaguzi wa kwanza barabarani starehe yote imekwisha.

KULA NA KUONJA

Hapa ndipo penye utamu. Kanda nzima inaleta chakula chake sehemu moja: mchele wa Kyela na Usangu, ndizi na maparachichi ya Rungwe, viazi vya Uporoto, kahawa ya Mbozi, chai ya Mufindi, asali ya Katavi, na sisi tunapeleka maharage, ulezi na samaki wa Ziwa Tanganyika. Wajasiriamali, wengi waliopita mafunzo ya SIDO, wanakuwekea kijiko cha asali au kipande cha keki ya viazi lishe uonje bure. Onja, lakini uliza: umetengenezaje, unauza wapi, kifungashio umenunua bei gani? Mtu mwenye ulezi nyumbani akijua unga wa lishe unavyofungashwa, hapo ameshaanza biashara.

Kule Florida, Marekani, kwenye bustani ya Disney inayoitwa EPCOT, kila mwaka kuna tamasha la chakula na mvinyo. Unazunguka mabanda ya nchi mbalimbali, kila banda unanunua kisahani na kiglasi. Ukitazama kimoja kimoja bei ni ndogo, lakini ukifika banda la kumi mfuko mtupu. Mbeya ni hivyo hivyo: mishikaki hapa, chipsi pale, juisi kule. Dawa yake ni kula mlo mmoja wa maana kwa mama lishe saa sita, mengine mnunue kimoja mgawane watatu.

Mvinyo nao upo, wa zabibu za Dodoma na wa rozela au matunda mengine. Wenye miaka chini ya 18 hapa hapawahusu. Kwa waliozoea bia, jueni kwamba bia ya kawaida ina kileo kama asilimia 5, mvinyo wa zabibu ni 12 hivi. Ukiunywa kwa mwendo wa bia, tena tumbo tupu, utaamka huna simu. Chupa isiyo na nembo ya TBS iache mezani. Na ukinunua chupa ya kupeleka nyumbani, nunua saa ya kuondoka, usizunguke nayo.

MABANDA YA KUANZIA

Viwanja ni vikubwa, ukizunguka bila mpango utaishia kwenye wanyama wa Maliasili na muziki. Anza hivi:

1. Banda la halmashauri yako. Kalambo, Nkasi na Sumbawanga kwa kawaida wana mabanda na vipando. Afisa kilimo ambaye ofisini humpati, hapo amesimama anasubiri umuulize. Chukua jina na namba yake, maana mwisho wa wiki anarudi Matai kama wewe.

2. TARI Uyole, watafiti wa mbegu. Hawa ndio wenye maharage ya Uyole Njano. Waulize ipi inafaa baridi ya Ufipa na inakomaa siku ngapi.

3. Mbegu na mbolea. Mbegu ya kununua iwe na lebo ya TOSCI. Ya kupima kwenye kopo haina wa kumlaumu. Mbolea ya ruzuku inataka uwe umesajiliwa kama mkulima, uliza usajili wako umekaaje kabla msimu haujaanza. Na ukitaka kumpelekea mbegu ndugu wa ng'ambo, lazima kibali cha afya ya mimea kutoka TPHPA.

4. VETA, JKT na Magereza. Kwa waliomaliza shule na hawana pa kushika, uliza kozi na ada. Mifugo na mabwawa ya samaki ya JKT ni darasa tosha.

Siku nzuri ya kujifunza ni tarehe 4 hadi 6. Tarehe 8 ni ya viongozi na msongamano, mtaalamu hana muda na wewe. Nenda asubuhi mabanda yanapofunguliwa, mchana kula, jioni ndio tembea na marafiki. Simu weka mfuko wa mbele, na michezo ya karata za kukisia pembeni ya geti usiisogelee, wanaoshinda wote ni wenzao.

Mwisho, andika maswali matatu kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani. Matatu tu. La shamba, la biashara na la kwako binafsi. Usipande basi la kurudi mpaka yote yamejibiwa.

Waliokwisha kwenda, tupieni hapo chini gesti za bei poa na mama lishe wa uhakika, mtuokolee wageni. Nawakilisha!