Kufufua Injini ya Peugeot 504: Spea ya Orijino au ya Kampuni Nyingine? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliifungua injini na kuvitandaza vyuma mezani. Sasa pesa zinaanza kutoka, na mwenye gari anataka kujua anunue spea ya orijino au ya kampuni nyingine.

Kwanza tuelewane kuhusu boksi. Peugeot haikutengeneza kila kitu yenyewe; kabureta za magari yake, kwa mfano, zilitoka kwa Solex na Zenith. Spea iliyotoka kwa mtengenezaji yuleyule, hata ikija katika boksi lake mwenyewe bila nembo ya simba, ni ileile. Nembo nayo inachapishika kirahisi, kwa hiyo isikulaze usingizi.

Tuje kwenye moyo wa injini. Ile ya sentimita za ujazo 1971 ina slivu nne za kuchomoa, zenye kipenyo cha milimita 88, zinazozungukwa na maji moja kwa moja. Kila slivu lazima ichomoze juu ya bloku kwa sehemu ndogo sana ya milimita, ili silinda hedi ikikazwa gasketi ibanwe sawasawa. Slivu ikizama, gasketi huungua na maji yakaingia kwenye oili. Kimo hicho hurekebishwa kwa sili za chini ya slivu, ambazo huuzwa kwa unene tofauti. Ndiyo maana hapa sikubaliani na wanaookoteza slivu mbili za orijino huku na mbili kule. Afadhali seti kamili ya slivu, pistoni na ringi ya kampuni nyingine yenye jina, mradi fundi apime kila kimo kwa geji kabla ya kufunga. Fundi asiye na geji, mnyang'anye injini yako.

Krankshafti ni habari nyingine. Chuma cha kiwandani kilichotunzwa hakichakai kwa kukaa. Ya zamani ikipimwa, ikachongwa na kuwekewa beringi za saizi yake, naiamini kuliko mpya isiyojulikana ilikotoka.

Mpira, lakini, huzeeka hata ukiwa ndani ya boksi. Utengenezaji wa saluni za 504 nchini Ufaransa ulikoma mwaka 1983, kwa hiyo sili au hosi ya orijino iliyolala stoo tangu enzi hizo imekwisha kukakamaa. Lipia mpya ya kampuni nyingine bila kusita. Kiwambo cha pampu ya petroli kiko kundi hilohilo.

Pampu ya maji inahitaji uangalifu wa pekee. Katika 504 nyingi ndiyo inayobeba feni, na feni hiyo hukamatishwa kwa sumaku ya umeme injini ikipata moto. Pampu mbadala isiyolingana na sumaku hiyo itapitisha maji vizuri huku feni ikikaa bure, na silinda hedi ya alumini haistahimili joto la namna hiyo. Nenda na pampu ya zamani dukani, uzilinganishe zote mbili juu ya kaunta kabla hujalipa.

Itaendelea juma lijalo: vali na tapeti.