Mtaa Unapoomba Fataki Zinyamaze

Kila ifikapo tarehe 5 Novemba, anga la Uingereza huwaka. Ndiyo kumbukumbu ya mwaka 1605, Guy Fawkes alipokamatwa chini ya Bunge mjini London akilinda mapipa ya baruti. Kwa wengi ni usiku wa kuota moto mkubwa na kushangilia. Kwa wengine ni usiku wa kufunga madirisha, kuongeza sauti ya televisheni na kumbembeleza mbwa aliyejikunyata chini ya kitanda, anatweta, hataki hata maji. Sheria inaruhusu fataki za kawaida kulia hadi desibeli 120. Mchezo kwako, mauti kwa mwenzio.

Scotland imewapa wenye kero hiyo pa kuifikisha. Sheria ya fataki ya mwaka 2022 inaipa halmashauri uwezo wa kutenga eneo ambalo mwananchi haruhusiwi kuwasha fataki, hata kwenye bustani ya nyumba yake. Maonyesho ya umma yanayoendeshwa na wataalamu hayaguswi. Wakazi wanaweza kuomba mtaa wao utengwe, na halmashauri sharti isikilize maoni yao kabla ya kuamua. Anayekaidi anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 5,000 au kufungwa miezi sita.

Halmashauri ya jiji la Edinburgh ilitangulia. Kuanzia tarehe 1 hadi 10 Novemba 2024 ilitenga maeneo manne, na kila moja lilikuwa na kisa chake. Niddrie ni mtaa ambao vijana waliwarushia polisi fataki mwaka 2022, na mwaka uliofuata wakaongeza mabomu ya petroli. Calton Hill ni kilima cha katikati ya jiji, mahali watu wanapojazana usiku. Seafield kuna makao ya mbwa na paka waliotelekezwa. Balerno iko pembezoni, karibu na mashamba na mifugo.

Lakini ukisoma sheria hiyo vizuri, utaona pengo. Mwaka 2019 Serikali ya Scotland ilipokusanya maoni, watu zaidi ya 16,000 walijitokeza. Asilimia 94 walitaka uuzaji wa fataki ubanwe zaidi, na asilimia 87 walisema wangefurahi ukipigwa marufuku kabisa. Kupiga marufuku biashara hiyo si mamlaka ya Bunge la Scotland. Ni ya Bunge la London. Kwa hiyo wananchi waliomba duka lifungwe, wakapewa ramani. Mtu ananunua fataki zake kihalali, anavuka barabara hadi nje ya eneo lililotengwa, anawasha, na mshindo unaingia vyumbani mwa watu vilevile. Isitoshe, Novemba hiyohiyo ya 2024 vurugu zilizuka tena Edinburgh, mabasi yakashambuliwa, na baadhi ya safari zikasitishwa.

Hata hivyo, utaratibu wenyewe una faida. Manung'uniko ya kibarazani hupeperuka na upepo. Ombi lenye tarehe, saa na taarifa zilizofikishwa polisi humlazimu kiongozi kujibu. Pia linawapa sauti wale ambao kwa kawaida hawaulizwi: mzee mgonjwa, mama mwenye kichanga, mfugaji.

Kwetu, Polisi Tanzania hukumbusha karibu kila mwisho wa mwaka kwamba fataki hazipigwi bila kibali. Ni jambo jema, ila kibali ni mazungumzo kati ya mwenye sherehe na dola, na jirani hupata habari anaposhtuliwa usingizini. Mikutano ya mtaa tunayo, na wenyeviti tunao. Kabla Desemba haijafika, wakazi walipeleke jambo hili kwenye mkutano wao, wakubaliane saa za kupiga fataki na mahali pa kuzipigia. Na wewe mwenye kibali mkononi, mpigie jirani hodi mapema umwambie.