Trekta Halinunuliwi kwa Rangi

Jumamosi iliyopita shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alishuka kwenye basi la Iringa akiwa na mkoba wa ngozi ambao haukumtoka mkononi hata tulipokaa kula. Ndani mlikuwa na karatasi zenye picha za matrekta, pamoja na kijitabu cha benki. Shemeji amestaafu ualimu, kiinua mgongo kimeingia, na anataka trekta kwa ajili ya shamba lake la ekari 18 kule Kilolo. Si la kulimia, alisema, kwani sehemu inayolimwa ni ndogo na jembe la ng'ombe linaitosha. Analitaka la ujenzi na matunzo: asombe mchanga, mawe na matofali ya nyumba, atengeneze njia inayobomoka kila mvua, achimbe lambo, asimamishe uzio, na afyeke majani kabla moto wa kiangazi haujafika.

"Sasa shemeji," akaniambia, "wewe ni mtu wa redio, umezunguka. Lipi hapa?" Akaweka kidole juu ya trekta jekundu la nguvu za farasi 90.

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji unayenifuata katika safu hii, sikumjibu usiku ule. Mwaka 2009, wakati wa wimbi la Kilimo Kwanza, mimi na ndugu zangu wawili tulichanga fedha tukanunua trekta lililotumika, zuri kwa macho, kwa bei ya kutupa. Lilifanya kazi miezi 14. Pampu ya haidroliki ilipokufa ndipo tulipogundua kwamba aina ile haikuwa na duka la spea wala fundi anayeijua. Liko chini ya mwembe hadi leo, na kuku wanataga kwenye kiti chake. Kwa hiyo kwanza nilikwenda kuwauliza madereva na mafundi ninaowaamini, na Jumapili jioni nikamweleza shemeji haya ninayowaeleza nanyi.

Nilianza kwa kumwomba azitenganishe kazi zake. Ipo kazi ya mara moja na ipo kazi ya kila wiki. Lambo huchimbwa mara moja. Kijiko kinachofungwa mbele ya trekta la shamba kimetengenezwa kuzoa kitu kilicholegea, kama mchanga, kokoto au samadi. Ukikipeleka kwenye udongo ulioshikana utakuwa unakwangua huku ukila klachi na ekseli ya mbele. Anayetaka lambo na akodi katapila au ekskaveta kwa siku chache, alipe, mtambo uende zake. Shemeji alinyamaza kidogo. Lile trekta la farasi 90 alikuwa amelichagua kwa sababu ya lambo.

Kazi za kila wiki hazihitaji ukubwa huo. Matrekta madogo ya Ferguson, yenye nguvu zisizofika farasi 30, yakiwa yamefungwa minyororo kama ya katapila, yalimfikisha Edmund Hillary kwenye Ncha ya Kusini ya dunia tarehe 4 Januari 1958. Kwa shamba kama la shemeji, trekta la farasi 45 hadi 60 linatosha, na kifaa cha kwanza kununua ni tela. Katika ujenzi wa kijijini trekta ni tela. Meta moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina uzito wa tani moja na nusu hivi, na ukilowana unazidi. Tela ya tani 3 hukuletea meta mbili kwa safari moja, na siku ya pili inabeba matofali, siku ya tatu mapipa ya maji ya kumwagilia zege. Baada ya tela lifuate bamba la kusawazisha njia linalofungwa nyuma, kisha mashine ya kufyekea. Keekee ya kuchimba mashimo ya nguzo unaweza kuazima kwa jirani.

Lakini hapa ndipo penye hatari, na Kilolo ni vilima. Trekta la ukubwa huo lina uzito wa tani 2 au zaidi kidogo. Tela iliyojaa ni nzito kulishinda, na kama haina breki zake, mkiteremka tela ndiyo inayoliendesha trekta. Kwa hiyo uliza uzito kabla ya kuuliza nguvu, na uliza kama tela ina breki. Uzito huongezwa kwa vyuma, au kwa kujaza maji robo tatu ya tairi za nyuma, jambo ambalo fundi wa tairi hulifanya kwa gharama ndogo. Kwenye mteremko gia ya chini huwekwa juu kileleni, si katikati. Na zile pedali mbili za breki, ya kushoto na ya kulia, ziunganishwe kwa komeo lake kila trekta linapotoka shambani. Dereva akikanyaga moja tu katika mwendo, trekta hugeuka ghafla na kulala.

Nilipokuwa mwandishi kijana nilitumwa kuandika habari ya dereva aliyefariki aking'oa kisiki. Nilifika mwili umekwisha kuondolewa. Trekta lilikuwa chali, magurudumu juu, na mnyororo bado umefungwa pale alipoufunga: kwenye mkono wa juu wa kunyanyulia jembe. Mikono ile mitatu ya nyuma ni kazi ya Harry Ferguson, fundi wa Kiairishi, na ilitengenezwa ili jembe na trekta viwe kitu kimoja, uzito wa kazi ukandamize magurudumu ya nyuma. Haikutengenezwa kuvuta mnyororo. Mnyororo ukifungwa juu ya ekseli na kisiki kikagoma, magurudumu hushindwa kwenda mbele na mwili wa trekta ndio unaozunguka kwenda juu. Huchukua kama sekunde moja na nusu tangu pua inyanyuke hadi trekta limguse dereva, na nusu ya kwanza ya muda huo ikipita hakuna tena la kufanya. Hakuna mtu mwepesi wa kuruka kiasi hicho. Mnyororo hufungwa chini, kwenye chuma cha kuvutia tela, basi.

Ndiyo maana Sweden, tangu mwaka 1959, iliamuru kila trekta jipya liwe na fremu ya chuma ya kumkinga dereva, na vifo vya namna hii vikapungua sana. Katika karatasi za shemeji kila trekta lilikuwa na fremu hiyo nyuma ya kiti. Katika yadi za matrekta yaliyotumika nimeona kadhaa ambayo imekatwa ili yapite chini ya matawi. Lisilo na fremu usilinunue kwa shamba la vilima, hata ukipunguziwa bei. Na lenye fremu lazima liwe na mkanda, kwa kuwa fremu humkinga aliye ndani yake, si aliyerushwa nje.

Sasa spea. Wazee wa Kongwa wanaijua habari ya mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947. Waliletwa matrekta na makatapila yaliyobaki vitani, wakaunda mengine kutokana na vifaru vya Sherman, kabla hawajaujua vizuri udongo wala mizizi ya pale. Yaliharibika kwa wingi, spea zikakosekana, na mwaka 1951 mradi ukafutwa baada ya mamilioni ya pauni kuteketea. Serikali ya Uingereza iliweza kubeba hasara ile. Mwalimu mstaafu hawezi. Nilimwambia shemeji aende Iringa mjini bila fedha, azunguke maduka na gereji, aulize vitu vinne tu: filta, sahani ya klachi, pampu ya haidroliki na nozeli. Aina ambayo vyote vinne vipo rafuni, na mafundi wawili wanaifungua bila kusoma kitabu, ndiyo aina yake, iwe nyekundu au buluu.

Akinunua lililotumika afike asubuhi na mapema bila taarifa, aguse injini. Ikiwa ya moto, muuzaji ameiwasha kabla ili kuficha ugumu wa kuwaka. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Oili ya giaboksi ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Anyanyue jembe zito aliache likining'inia injini ikiunguruma: likishuka na kupanda lenyewe kama mtu anayesinzia, haidroliki inavuja ndani. Saa ya injini inaweza kubadilishwa, lakini tundu la chuma cha kuvutia tela halidanganyi. Likiwa limelika na kuwa kama yai, trekta limefanya kazi nyingi kuliko inavyosemwa.

Juu ya magurudumu manne yanayovuta au mawili, tulibishana hadi dada akaja kuzima taa. Mimi nasema kwa tope la Kilolo manne yanafaa, ingawa ni ghali na yana spea nyingi zaidi. Yeye anasema njia ikiisha kutengenezwa, mawili yatatosha.

Juzi alinipigia simu kutoka Iringa. Ameona tela, ina breki, ameilipia. Trekta bado. Katika vitu vinne amepata vitatu.