Nani Apima Posho Nyumbani Mwako?

Mama mpenzi, na wewe baba unayesoma pamoja naye, fikirini neno moja tulilo nalo vinywani kila siku hapa Lubumbashi. Siku inayotangulia yenga, watu wa pwani huiita Jumamosi. Sisi twaiita siku ya posho. Tena wengi wetu tukitaka kusema juma moja, twasema posho moja. Kwa nini siku ya chakula ikawa jina la juma zima?

Ni kwa sababu mji huu ulijengwa na watu waliotoka mbali, wasio na mashamba hapa. Union Minière ilianza mwaka 1906, na mji ukafuata mwaka 1910, ukaitwa Élisabethville. Kampuni iliwaweka wafanyakazi katika makambi, ikawapa chakula: unga, maharagi, nyama ao samaki, mafuta, chumvi. Mwanamume alikuwa na fungu lake, mke lake, watoto lao. Hiyo ndiyo posho. Sisemi kwamba mambo yote ya makambi yalikuwa mazuri. Wazee wetu wanajua habari zao, na kampuni ilitafuta zaidi nguvu za mikono. Walakini alikuwako mtu aliyekaa mezani na kalamu, akihesabu jamaa hii itakula nini tangu siku ya posho hata siku ya posho.

Baadaye Gécamines ilichukua nafasi ya Union Minière, nayo ikashika desturi ya kugawa unga. Kisha ikadhoofika, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliiacha kazi yake kwa mara moja. Leo aliye na kazi hupokea feza, si unga. Asiye na kazi ya mwezi huokota feza kidogo kidogo, siku kwa siku, katika soko ao barabarani. Na ile kalamu? Katika nyumba nyingi hakuna mtu aliyeiokota.

Matokeo twayaona hospitali. Mshahara ukiingia, juma la kwanza kuna nyama na kuku, na wageni pia. Juma la pili kuna samaki. Juma la tatu kuna sombe bila karanga. Juma la ine ni bukari na maji ya tomati. Mtu mzima hulalamika, lakini huvumilia. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, aliyeachishwa ziwa juzi, hana akiba mwilini ya kuvumilia. Yeye ndiye alipaye deni la kuku wa juma la kwanza.

Basi twaeni karatasi na kalamu, tuhesabu pamoja.

Anzeni na unga, kwa maana nyumba isiyo na unga haina amani. Tuseme ninyi ni baba, mama na watoto wane. Mtu mkubwa atumie gramu 400 za unga kwa siku, na mtoto gramu 200, wengine zaidi, wengine pungufu. Wakubwa wawili ni gramu 800, watoto wane ni gramu 800. Jumla ni kilo moja na gramu 600 kwa siku. Kwa siku 30 ni kilo 48. Mifuko miwili ya kilo 25 ni kilo 50. Inabaki kilo mbili kwa mgeni, na mgeni hakosi kuja. Kila nyumba ifanye hesabu yake yenyewe. Pimeni kwa kopo lile lile kila siku, si kwa macho, kwa sababu macho ya siku ya mshahara ni makubwa kuliko macho ya siku ya 25.

Kwa kawaida unga wa kopo ni ghali kuliko unga wa mfuko. Mwanamke anayenunua kopo moja kila jioni amelipa mfuko na zaidi mwezi ukiisha, naye hakuuona mfuko. Utasema, feza ya mfuko mzima sina kwa mara moja. Ni kweli kwa wengi. Basi nyumba mbili zinunue mfuko mmoja na kugawana kwa kipimo, mbele ya macho ya wote wawili. Ao wanawake watano wafanye likelemba ya unga: kila mmoja atoe sehemu yake, na kila zamu mmoja apate mfuko. Wanaofanya likelemba ya vitambaa na masufuria wanaijua kazi hii tayari. Na yule anayepata feza kila siku, atenge kwanza ya unga kabla ya kununua kitu kingine, hata ikiwa ni kidogo.

Tena mjue majira. Mahindi mapya hutoka shambani karibu na mwezi wa ine na wa tano. Ndipo bei hushuka. Tangu mvua kuanza, mwezi wa kumi na moja, hata mavuno, bei hupanda. Unga wetu mwingi hutoka Zambia kwa njia ya Kasumbalesa, basi jua likichoma kule, sisi twaungua huku. Mwaka 2024 ukame mkubwa uliharibu mashamba ya Zambia, na kila mama wa Lubumbashi alisikia habari hiyo sokoni. Yosefu alipokuwa Misri hakungoja njaa ifike ndipo ajenge ghala. Mfuko mmoja wa akiba ulionunuliwa mwezi wa sita, ukiwekwa juu ya mbao, mbali na ukuta wenye maji, utaona faida yake. Lakini mahindi ni bora kuwekwa yakiwa punje kavu kuliko unga, kwa maana unga huharibika upesi.

Wakati wa bei kubwa wengi huchanganya unga wa mahindi na unga wa mihogo. Si vibaya. Lakini sikilizeni sana: mhogo washibisha, haujengi mwili. Mahindi yenyewe hujenga kidogo tu, na mhogo hata chini ya hapo. Kwa hiyo siku unapoongeza mihogo katika bukari, siku hiyo uongeze maharagi ao samaki katika mboga. Watu hufanya kinyume. Unga ukipanda, wanapunguza mboga ili wapate feza ya unga, na mtoto anapungukiwa mara mbili.

Sasa mboga. Feza iliyobaki baada ya unga, ya makala na ya sabuni, msiiweke pamoja katika mfuko mmoja. Igawanyeni katika bahasha ine, moja kwa kila posho, na feza za zile siku mbili tatu za mwisho ziwekwe katika bahasha ya ine. Mama anapokwenda soko la Kenya ao Njanja siku ya posho, achukue bahasha moja tu. Nyingine zikae nyumbani. Bahasha iliyo sokoni haina rafiki.

Mwandike chakula cha juma kabla ya kutoka. Kwa mfano: siku mbili za maharagi, siku mbili za sombe iliyotiwa karanga zilizotwangwa, siku mbili za dagaa na lengalenga ao matembele, na siku moja, tuseme ya yenga, nyama kidogo ao samaki mkubwa. Nyama si mfalme wa mwili, kama wengi wanavyodhani. Maharagi na bukari vikiliwa pamoja husaidiana: kinachokosekana katika mahindi kimo katika maharagi. Na dagaa wanaoliwa wazima, pamoja na mifupa yao, hutia nguvu katika mifupa ya mtoto. Kwa bei ya kilo moja ya nyama angalia utapata maharagi mangapi, kisha uamue.

Mtu mmoja ataniambia kwamba maharagi yanakula makala. Ndiyo, na makala ni feza. Uyaloweke usiku kucha, umwage maji yale, uyapike katika maji mapya na sufuria ifunikwe. Utaona tofauti katika gunia lako la makala. Uyapike mengi ya siku mbili, lakini ya kesho uyachemshe tena vizuri kabla ya kula. Sombe nayo isipikwe kwa haraka ili kuokoa makala. Majani ya mihogo yana sumu, nayo hutoka kwa kutwangwa na kuchemshwa muda mrefu katika sufuria iliyo wazi.

Uangalie unachonunua. Karanga zenye ukungu zinauzwa kwa bei ya chini, na kwa haki, kwa maana sumu ya ukungu huharibu ini, wala moto haiondoi. Mahindi vilevile. Dagaa waliolowana warudishe. Mafuta ya mawese usiyachome hata yawe meupe. Wekundu wake ndio dawa ya macho ya mtoto. Wakati wa mvua, viwavi na uyoga vikishuka bei, ununue na kukausha. Lakini uyoga usioujua usiuguse.

Baba, neno kwako. Mama hawezi kupanga feza asiyoijua. Siku ya mshahara keti naye, mfungue bahasha pamoja. Pombe na simu visile kwanza, watoto wakala mwisho.

Narudi kwa yule mdogo. Katika miaka ya 1930 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, alifanya kazi Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo. Aliwaona watoto waliovimba miguu, nywele zimegeuka rangi, ngozi ikibanduka. Akina mama wa kule, wenye lugha ya Kiga, walikuwa na jina lake: kwashiorkor, maana yake ugonjwa unaomshika mtoto wakati mdogo wake anapozaliwa. Walikuwa wameona sawasawa. Mtoto huondolewa ziwani, naye hupewa nini badala yake? Bukari na mchuzi. Siyo chakula tu. Surua na kuhara humsukuma pia. Lakini mtoto aliyelishwa vizuri husimama.

Kwa hiyo mtoto mdogo awe na sahani yake mwenyewe. Akila pamoja na wakubwa katika sahani moja, mikono yake ni mifupi na mingine ni mirefu. Mpe mara tatu kwa siku na kitu kidogo katikati. Twanga dagaa wakavu hata wawe unga, uweke katika chupa yenye kifuniko, na kila uji wake utie kijiko kimoja pamoja na karanga zilizosagwa na mafuta kidogo. Chupa hiyo ijazwe juma la kwanza, wakati feza ipo, na isiguswe na mtu mwingine. Ukipata yai moja tu nyumbani, ni lake. Ziwa nalo usimwondolee kabla ya miaka miwili, kama mwili wako unaweza.

Ukiona miguu yake imevimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Ao mtoto hachezi, hacheki, anakataa chakula. Usingoje mwisho wa mwezi wala usitafute kwanza nani amemloga. Mlete siku hiyo hiyo. Na hata asipokuwa na ugonjwa, mlete apimwe mkono kwa ule utepe wa rangi tatu. Kwa mtoto wa miezi sita hata miaka mitano, mkono ulio chini ya sentimeta 11.5 ni rangi nyekundu. Kupima huchukua muda mfupi kuliko kununua tomati.