Brashi ya Hewa na Mtungi wa Gesi: Shauri kwa Wachoraji wa Meru na Embu

Msafiri atokaye Embu kwenda Meru kwa njia ya Runyenjes, Chuka na Nkubu hakosi kuziona kazi za wachoraji wetu: vibao vya maduka, picha katika kuta za vinyozi, na matatu zilizopambwa kwa rangi ibadilikayo polepole kutoka buluu hadi nyeupe bila alama ya brashi. Rangi ya namna hii haipakwi, bali hupulizwa kwa brashi ya hewa, chombo kidogo kishikwacho kama kalamu. Mmarekani Abner Peeler alikitengeneza cha kwanza mwaka 1879. Hewa yenye nguvu hupita kwenye ncha yake, huivuta rangi na kuitawanya kama umande.

Chombo hiki chamfaa pia mwalimu au karani apendaye kuchora jioni, akiisha kutoka kazini. Lakini hewa itoke wapi? Wengi hutumia kompresa, nayo ni njia njema, kwa kuwa hewa hainunuliwi. Hata hivyo kompresa hupiga kelele, na umeme ukikatika kazi husimama. Ndipo mtu aufikiriapo mtungi wa gesi, ambao hauna kelele wala hauhitaji umeme.

Wazo hilo si baya, lakini yapasa kujua kwamba mitungi haifanani. Mara nyingi jirani wa mchoraji ni fundi wa kuchomelea vyuma, na mtungi wake wa oksijeni umesimama pale pale ukutani. Kijana asije akauazima hata kwa dakika tano! Oksijeni huuchochea moto kwa ukali mno, na ikikutana na mafuta au rangi yaweza kulipuka. Gesi ya kupikia nayo huwaka yenyewe. Cheche moja yatosha kuteketeza nyumba.

Gesi ifaayo ni hewa ukaa, yaani kabonidioksidi, ile itiayo povu katika soda. Hiyo haiwaki. Tena hupatikana papa hapa Kenya: kampuni ya Carbacid huitoa ardhini katika msitu wa Kereita, Kiambu.

Lakini hata gesi hii ina sheria zake. Brashi ya hewa huhitaji nguvu ya ratli 15 hadi 30 tu kwa kila inchi ya mraba, kiasi kisichozidi sana upepo wa gurudumu la gari dogo. Ndani ya mtungi, siku isiyo na joto jingi, nguvu hupita ratli 800. Kwa hiyo ni lazima kufunga regulata, yaani kifaa cha kupunguza nguvu, kilichotengenezwa kwa gesi hiyo hiyo. Asiyekuwa nayo asifungue mtungi.

Sehemu kubwa ya gesi hiyo imo mtungini katika hali ya maji. Basi mtungi usimamishwe wima na kufungwa kwa mnyororo, maji yasije yakaingia katika regulata. Mtungi wa kuzimia moto haufai, kwani mwingi wake una mrija wa ndani unaoyatoa maji hayo kutoka chini. Wala usiutazame mshale wa regulata ili kujua kiasi kilichobaki, maana haushuki mpaka maji yaishe. Afadhali kuupima mtungi kwa mizani.

Ndugu zetu wa Mbeere na Tharaka, ambako jua ni kali, wawe waangalifu zaidi. Joto likipita digrii 31 maji hayo yote hugeuka, na nguvu ndani ya mtungi hupanda upesi. Usiuache juani, wala ndani ya gari lililofungwa madirisha.

Hatari kubwa kuliko zote ndiyo isiyoonekana. Hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu, nayo haina harufu. Ikivuja katika chumba kilichofungwa hulala chini na kuifukuza hewa ya kupumua. Mchoraji huumwa kichwa, husinzia, na asipotoka hupoteza maisha. Kwa sababu hiyo afanye kazi mlango na madirisha yakiwa wazi, afunge koki ya mtungi kila amalizapo, wala asilale chumba kimoja na mtungi. Madirisha hayo yataondoa pia mvuke wa rangi na tina, ambao huwaka. Basi sigara na taa ya moto zikae mbali.

Mwenye kazi nyingi kila siku na anunue kompresa, maana gharama ya kujaza gesi itamshinda. Achoraye kidogo, au mbali na umeme, mtungi utamfaa akizishika sheria hizi. Picha iliyoharibika hupakwa rangi upya, bali uhai haupakwi mara ya pili. Tahadhari kabla ya hatari.